Picha ya Kwanza ya Kidonge

Kidonge chenye kamera huanza kupiga picha kabla hakijamezwa. Hilo mke wa kinyozi hakuambiwa.

Kwa hiyo daktari alipofungua kompyuta, utumbo haukutokea kwanza. Ulitokea uso wa mke mwenyewe, ameinamia kitanda, siku ile mumewe aliposhika glasi ya maji na kutamba, "Haya, namtuma mpelelezi tumboni!"

Wodi nzima ilicheka. Yeye angeapa kwamba naye alicheka. Lakini kwenye picha midomo tu ndiyo iliyocheka. Macho yalikuwa ya mtu anayetoka mazikoni.

Yakafuata meno, kisha giza, kisha utumbo mwembamba. Damu ilichuruzika tone kwa tone, kila mahali.

"Ini likichoka, mama, damu hutafuta pa kutokea," daktari alisema taratibu. "Ingekuwa sehemu moja, tungeziba."

"Nirudishie ile ya kwanza."

Miaka thelathini mumewe amesoma nyuso za watu kwenye kioo cha kinyozi. Humjua aliyefiwa kabla hajaketi kitini. Na uso huu ndio aliokuwa akiutazama wakati anameza, huku anachekesha watu.

Nje, foleni nzima iliangua kicheko. Sauti ya mumewe ikasogea mlangoni.

"Mama watoto! Mpelelezi wangu kaleta umbea gani?"

Mke alijifuta macho kwa viganja, akahangaika kutafuta uso mwingine wa kumwonyesha.

Kitasa kikazunguka.