Babu Amekwama Palepale

Babu aligoma tena, na safari hii pia aligoma palepale.

"Huyo!" alisema mjomba kutoka kwenye kochi. "Kasimama kama nguzo. Vipi, Injinia, umeshindwa?"

Binti aliifunga programu ya video, akafuta kiganja chenye jasho kwenye sketi, akaifungua upya. Kazi yake ilikuwa kuchapa barua za watu kwenye duka la fotokopi, na kwa kosa hilo tu ukoo mzima ulimwita Injinia kila kitu chenye waya kilipoharibika.

"Mwache mwenzio," alisema bibi. Alikuwa amevuta kiti mpaka magoti yake yakagusa meza ya kompyuta, miwani imemshuka puani. "Taratibu, mjukuu wangu. Mimi sina haraka."

Lakini binti alijua haraka ilikuwepo. Asubuhi, mama yake aliipata kadi ya kamera iliyopotea miaka mingi, tangu babu akiwa hai. Ndani yake mlikuwa na video moja tu, ambayo mama mwenyewe aliipiga kwa kamera ya kuazima. Aliiacha kadi mezani akakimbilia kazini. Wengine wote walishangilia. Bibi alikaa ukingoni mwa kitanda, akamwambia binti kwa sauti ndogo, "Sura yake ninayo. Sauti ndiyo imeanza kunitoka. Naitafuta, siipati."

Picha za ukutani zilikuwa tele, na hakuna hata moja iliyoweza kumsaidia kwa hilo.

Video ilianza. Binti aliipanua ijae skrini nzima kwa ajili ya macho ya bibi. Ardhi ikapita ikiyumba, vikafuata vidole vya miguu vya mama, kisha ukuta. Halafu kamera ikainuka, na hao hapo: babu katikati ndani ya koti, bibi ubavuni mwake, mjomba pembeni. Hapo hapo kila kitu kikasimama. Spika zikabaki zikikoroma, sssss.

"Siku hiyo tumbo ulilivuta ndani kweli," bibi alimwambia mjomba.

"Mama! Wakati ule sikuwa na tumbo."

"Ulikuwa nalo. Mimi ndiye niliyewapanga hapo, nitasahau? Hata baba yako nilimfunga kifungo cha shingoni mwenyewe, huku amenuna."

Binti akaifunga. Kila babu alipokwama aliharakisha kuifunga, kwa kuwa hakutaka kuuona uso wa bibi ukisubiri.

Aliizima kompyuta, akaiwasha. Akainakili video kutoka kwenye kadi na kuiweka ndani ya kompyuta, maana kadi kuukuu huweza kusomeka kwa kusuasua. Babu akagoma. Akajaribu programu nyingine ya video. Ardhi, vidole, ukuta, babu akagoma. Akachomoa waya wa spika, akaupuliza, akauchomeka. Spika zikakoroma vilevile.

"Hicho kirusi," alisema mjomba. "Ukiona watu watatu wamekauka kwa mpigo, ujue ni ugonjwa wa kuambukiza."

"Mjomba, nakuomba."

"Nakusaidia tu, Injinia. Hebu ipige kibao pale ubavuni. Redio yetu ilikuwa haisikii lugha nyingine."

"Ukiigusa, mimi natoka humu ndani."

Bibi alicheka mpaka akavua miwani kujifuta macho. "Mimi ninachoshangaa ni huo ukimya. Babu yako huyo? Akinyoa ndevu anaongea, akivaa viatu anaongea. Akilala ndiyo kabisa!"

Alicheka peke yake kidogo, kisha akaacha. Akairudisha miwani na kuitazama skrini iliyokuwa tupu.

Mjomba aliliona hilo. Akajiinua kwenye kochi, akaanza kutafuta simu yake mifukoni. "Basi, tumwite fundi. Aje aichukue akaifungue."

"Fundi hatasaidia," binti alisema. "Mashine ni nzima, mjomba. Nadhani video yenyewe ndiyo imeharibika. Imekatikia hapo." Akageuka. "Bibi, nisamehe."

Bibi akasema, "Iwashe mara moja tu, mjukuu wangu. Safari hii usiiguse."

"Itakwama, bibi."

"Ikwame. Nikae naye hivyo hivyo."

Binti aliifungua. Akaondoa mikono kwenye kibodi, akaikalia mikono hiyo isije ikafanya kazi yenyewe. Mjomba alisimama nyuma ya kiti cha mama yake.

Ardhi. Vidole. Ukuta. Babu akakwama.

Spika zikakoroma. Bibi aliinama mbele, akagusa kioo kwa ncha ya kidole, pale kwenye ukosi wa koti. Hakuna aliyeifunga. Walikaa wakimtazama, naye akawatazama, macho yamemtoka, kidevu juu.

Nyuma ya bega lake, shati lililoanikwa kwenye kamba likainuka kidogo, likashuka.

Binti alidhani ni macho yake yamechoka.

Kisha babu, bila kugeuza shingo, bila hata kuifungua midomo sawasawa, akasema kwa sauti nene yenye mikwaruzo, "Huyu mtoto mbona hapigi? Macho yananiwasha."

Na bibi wa kwenye skrini, naye akiwa amekauka vilevile, akamfinya kiunoni.

"Nyamaza wewe! Utaiharibu picha."