Tangazo la Nta

Mama yake Joha aliishika simu, akaiuliza kwa Kisandawe kwa nini nyuki wake wamehama mzinga.

Ofisi yetu ndogo ya Makole nzima ikasogea kuitazama. Tulikuwa tumeifundisha injini yetu ya kutafuta habari za ufugaji lugha hiyo kwa miezi, lakini haikushika hata neno. Kumbe tulikuwa tunaichuja ile milio ya kugonga ulimi iliyomo katika Kisandawe, tukidhani ni kelele za simu. Asubuhi hiyo Joha, mwenzetu mpya, alikiondoa kichujio. "Jamani, hayo ndiyo maneno yenyewe!"

Kioo kikaandika: Hakuna majibu.

Nilinyoosha mkono niizime. Hapo tangazo likajitokeza sehemu ya chini ya kioo. Matangazo yetu hufuata maana ya swali tu; swali lisipoeleweka, hayatokei. Hili lilisema:

Nyuki wamehama? Nta safi ya kupaka mzinga ipo dukani kwetu, Kondoa.

Nikaurudisha mkono.

"Imesemaje?" mama akauliza.

"Imekuelewa, mama. Inasema upake nta."

Mama akaitazama simu, akajifunga khanga vizuri.

"Kumbe anasikia! Na mimi nimemuuliza bila hata kumsalimu."

Akaishika kwa mikono miwili, akaanza upya.