Mchezo Usio na Maneno

Mkaguzi wa majani alitumbukiza mkono ndani ya kikapu cha Mama Rebeccah mpaka kwapani, akapekuapekua, akaibuka na jani moja kubwa, gumu, lililokomaa kabisa. Akaliinua kwa vidole viwili ili foleni nzima pale kituo cha Boito ilione.

"Mama, hii si majani chai. Hii ni kuni," akasema. "Rudi nayo nyumbani."

Tecla alitamani ardhi immeze. Wako wakulima wanaoficha majani magumu chini ya yale laini ili mzani upande, na kila mtu anawajua. Lakini mama yake? Mama aliyewafundisha watoto wake wote kuchuma majani mawili na chipukizi, basi? Mama asiyejua kudanganya, aliyewahi kumwambia mchungaji mbele ya kanisa zima kwamba mahubiri yake ni marefu na ng'ombe wanangoja kukamwa?

"Mama, hii ni nini sasa?" alimwuliza walipokuwa wakipanda kilima na mzigo wao uliokataliwa.

"Uzito ni uzito," Mama akajibu, akamshika mkono kwa sababu ya utelezi. Ulikuwa mwaka wa zile mvua za El Niño, na njia zote za huko zilikuwa tope tupu.

Jibu hilo lilimkera Tecla, naye tayari alikuwa na lake la kumnyima usingizi. Shule moja ya sanaa za maonyesho Nairobi ilikuwa imemkubali. Masomo yangeanza Jumatatu, na hakujua kama anaifaa shule hiyo wala kama inamfaa. Nyumbani walicheka kila alipoiga watu, sawa, lakini nyumbani watu hucheka hata mbuzi akijikwaa. Mwalimu aliyemhoji hakumbembeleza.

"Wengi wanakuja hapa kwa sababu wamesifiwa na marafiki," alimwambia. "Mwaka hauishi, utawapata wanauza mitumba. Nenda uigize mbele ya mtu asiyekuficha ukweli, bila neno hata moja. Ukimfikia, njoo. Usipomfikia, baki kwenu."

Mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja tu, na ndiyo maana Tecla alizidi kuahirisha. Asubuhi aliamua kwenda, jioni akaamua kubaki. Katikati ya shamba alijikuta amesimama na majani kiganjani, hachumi wala hatupi kikapuni. Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse msichana wa miaka kumi na tisa.

Ijumaa ikamkuta hapo hapo. Mama alikuwa sebuleni na Loice, mke wa kaka yake Tecla, wakinywa chai ya saa kumi. Mama alijimiminia mwenyewe, ncha ya kidole ikiwa ndani ya kikombe, tabia mpya ambayo Tecla hakuipenda hata kidogo. Siku nyingine angemsema. Leo aliweka kikapu kitupu katikati ya chumba.

"Mama, nataka uangalie kitu. Usinionee huruma. Kikiwa kibaya sema ni kibaya, na mambo ya Nairobi yaishe leo."

Mama akaweka kikombe chini, akageukia sauti ya binti yake. "Mimi nilikuonea huruma lini?"

Basi Tecla akawa mkaguzi wa majani. Alitoa tumbo mbele, akatembea utadhani Kericho yote ni yake, akakizunguka kikapu akikunja pua. Alijua anacheza na moto, maana aibu ile ya kituoni ilikuwa ya Mama mwenyewe. Hata hivyo akatumbukiza mkono, akapekua, akatoa jani lisilokuwepo, akaliinua kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika mkia wa panya.

Loice aliangua kicheko. Tecla hakumjali. Macho yake yote yalikuwa kwa Mama. Mama alichelewa kidogo, halafu mabega yakaanza kumtikisika, akacheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso.

"Enda," akasema alipopata pumzi. "Hiyo shule ni yako. Mtu asikudanganye."

Usiku huo Tecla alilala fofofo kwa mara ya kwanza tangu akubaliwe. Kama mtu anaweza kukufanya uicheke aibu yako mwenyewe, huyo ana kipaji, kwisha maneno. Na aliyesema hivyo ni Mama.

Asubuhi alipanda lori la maziwa. Halikufika mbali. Lilizama kwenye tope kabla ya lami, na dereva akasema trekta la kuwavuta lingekawia. Tecla akaacha sanduku ndani, akavua viatu, akarudi nyumbani akikimbia. Alitaka kitu kimoja tu, amchekeshe Mama tena kabla ya kwenda.

Aliingia uani pekupeku, kimya kimya. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni, anaota jua. Tecla akasimama hatua mbili mbele yake, akimzibia mwanga. Akatoa tumbo, akakunja pua, akainua lile jani lisilokuwepo kwa vidole viwili, akangoja kicheko.

Mama akainua uso, akamtazama. Hakucheka.

"Loice, ni wewe?" akauliza. "Ameshaenda? Basi kaa hapa uniambie. Jana alikuwa anaiga nani?"