Damu ya Feliksi

Verediana aligoma kuvuka geti. Alisimama barabarani na furushi lake, mbele ya nyumba ya mtaani Katubuka alikofukuzwa siku ya mazishi ya mumewe, Feliksi.

"Basi nisubiri hapo, mama," binti yake, Yusta, alimwambia. "Leo utaingia kwa heshima."

Ndani, ukoo wa Feliksi ulikuwa umeshakaa. Yusta alimwamkia baba yake mkubwa, Castory, ambaye ndiye aliyemwita Verediana mchawi mbele ya jeneza.

"Marahaba. Haya, mtaalamu wetu wa maabara, sema."

Yusta akasema. Ugonjwa uliomuua Feliksi na mdogo wake Adolf, ule wa mikono kucheza yenyewe mpaka akili ikapotea, haukuletwa na uchawi wa mtu. Kuna protini ambayo miili yao iliijenga vibaya, ikajirundika ubongoni na kuwamaliza polepole. Kasoro hiyo mtu huzaliwa nayo. Mzazi humrithisha mwanawe.

"Mama yako anaanika dagaa kule Kibirizi, mzima wa afya," alisema Castory. "Wanaokufa ni wa kwetu."

"Nimempima, baba mkubwa. Hana kasoro hiyo."

"Hayo ni maneno ya mtoto anayemtetea mama yake."

Watu wakaguna. Yusta alichungulia dirishani. Mama yake alikuwa bado juani, ameinamisha uso kila jirani alipopita. Siri aliyoapa kutomwambia mtu ikamtoka.

"Nimejipima na mimi. Mama hana, mimi ninayo. Nimeitoa wapi kama si kwa baba?"

Shangazi Recho alijifunika uso kwa khanga. Castory akanyanyuka, akatoka mpaka getini na kulipokea furushi kwa mikono yake mwenyewe.

"Shemeji, tulikukosea. Hukuroga mtu. Rudi kwako."

Verediana aliingia akilia. Wanawake walimkumbatia, mmoja akapiga kigelegele, mwingine akakimbilia jikoni kubandika chai. Yusta alifuta machozi, akainuka amfuate mama yake. Castory akamshika mkono, akamtoa kupitia uani taratibu, begi la Yusta keshalibeba.

"Nimekuamini, mwanangu. Kila neno," alimnong'oneza, akaliweka begi nje ya geti. "Binti zangu wameposwa; wakwe wakisikia iko damuni mwetu, watawakataa. Usirudi tena hapa."