Isale Kitini

Raya alilitupa lile jani mezani kwa mwalimu mkuu kama mtu anayetupa nyoka aliyemuua mwenyewe.

"Ushahidi huo hapo. Nimelikuta kwenye kiti changu sasa hivi. Bado utaniambia nisimshuku Hilda?"

Mwalimu Fabian alilitazama. Nje manyunyu yalikuwa yakianguka, na watoto walikuwa wakiingia uwanjani wamejifunika viroba kichwani. Lilikuwa jani la isale, bichi, limepigwa fundo katikati. Huku mlimani kila mtu analijua: aliyekukosea akikuletea isale, anakuomba radhi, na kulikataa ni mwiko. Hata Raya, mzaliwa wa Majengo mjini Moshi, asiyejua Kichagga zaidi ya salamu, alikuwa ameshaambiwa.

"Isale haliachwi kitini, mwalimu," Fabian alisema taratibu. "Mtu hulileta mkononi. Hilda ni mtu mzima, analijua hilo."

"Ana kiburi. Ameshindwa kunitazama usoni."

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kiroba. Raya alipokabidhiwa darasa la kwanza, alichana kiroba cha unga, akakifua, akaandika juu yake maswali matatu kwa rangi nyekundu na kukitundika ukutani: Unaona nini? Unadhani nini? Umejuaje? Kila asubuhi aliweka kitu mezani, leo yai, kesho kiatu kibovu, na watoto wakakijadili kwa maswali hayo. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa kabla ya kujibu la tatu.

"Kudhani kila mtu anaweza," aliwaambia. "Mimi nataka mniambie mmejuaje."

Hilda wa darasa la pili, aliyeanza kufundisha pale Raya akiwa hajazaliwa, hakuweza kuvumilia. Kati ya madarasa yao palikuwa na ukuta wa mbao tu, na kelele zote zilimfikia.

"Hawajui hata kuunganisha silabi, wewe unawafundisha kubishana!" alimwambia mbele ya walimu wote. "Mwakani wanakuja kwangu hao. Hicho kiroba chako nitakichanachana, utaona."

Tangu siku hiyo Raya aliacha kumwamkia. Mama wa watu, sawa na mama yake mzazi, na binti anampita bila shikamoo! Walimu wenzao waliishia kuguna.

Kisha ikaja ile Jumatatu. Raya alifungua darasa akakuta ukuta mtupu. Kiroba kilipatikana kwenye mfereji chini ya shule, kimechanika, kimejaa tope la mvua ya Ijumaa. Hakuhitaji kuuliza. Mtu si alishatangaza mwenyewe kwamba atakichana? Na sasa, juma zima baadaye, isale hilo hapo.

Hilda aliitwa. Alisimama mlangoni, mrefu, mikono kifuani.

"Sijamletea isale mimi," alisema. "Na simletei. Nimemkosea nini?"

"Nani mwingine aliapa kuchana kiroba changu?"

"Nilisema. Kwani nikisema ndiyo nimefanya?" Hilda alimgeukia Fabian, na sauti ikashuka. "Mwalimu, huyu anataka nihamishwe, na hali yangu unaijua. Mama yuko kitandani, hawezi hata kujigeuza bila mimi. Mkinihamisha mbali na hapa Old Moshi, mtakuwa mmemuua."

"Ungemfikiria mama yako mapema," Raya alisema.

Hata Fabian alishtuka. Alilichukua lile jani akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Lipokee, binti yangu. Yaishe."

"Silipokei. Aondoke yeye, au niende wilayani nikaseme kwamba shule hii inafuga wahalifu."

Fabian hakuwa mtu wa vita, na neno wilayani lilimtoa jasho. Raya alilisokomeza lile jani kwenye mkoba wake akatoka. Kabla ya mwezi kuisha uhamisho ulikuwa umetoka. Hilda alipelekwa kwenye shule moja ng'ambo ya Sanya Juu, huko nyikani.

Asubuhi ya safari, pikapu iliingia uwanjani ili Hilda akabidhi funguo. Nyuma kulikuwa na masufuria, kitanda kilichofunguliwa, na godoro. Juu ya godoro alilala bibi kizee aliyefunikwa blanketi hadi kidevuni, macho yake yakiangalia mbingu. Raya aliyaona yote hayo dirishani, na moyoni alisikia raha.

Alifungua mkoba, akalitoa lile isale, sasa limekauka, akaliweka mezani. Kitu cha leo. Hilda alikuwa amesimama kando ya pikapu, hatua chache kutoka dirishani, na Raya alitaka asikie kila neno.

"Nani ataanza?"

Mkono mmoja ulinyooshwa. Alikuwa Evelyn, mdogo kuliko wote darasani, ambaye tangu kiroba kipotee hakuwa amenyoosha mkono hata mara moja. Raya alifurahi zaidi.

"Haya, Evelyn. Unaona nini?"

"Isale, mwalimu. Lina fundo."

"Unadhani nini?"

"Nadhani kuna mtu alikukosea, akaomba umsamehe."

"Safi sana!" Raya alipaza sauti, uso kaugeuzia dirishani. Nje, Hilda aliinamisha kichwa akapanda kwenye pikapu. Gari likawaka. "Na umejuaje?"

Evelyn alibaki amesimama, vidole vikisokota pindo la sketi.

"Nililiweka mimi, mwalimu. Ijumaa ile mvua ilikuwa kubwa, na sisi nyumbani hatuna kiroba cha kujifunika."