Kikapu cha Mama Mkwe

Haya alinisimulia fundi Sikujua mwenyewe, juzi asubuhi, tukichambua kunde.

Pikapu ya Makame ilikuwa inasaga kama jiwe la mtama, na kesho yake ndiyo ilitakiwa kumpandisha bibi harusi mlimani. Fundi mwingine alishasema gia zifunguliwe, kazi ya wiki nzima. Makame akampelekea Sikujua. Wakazunguka nayo mtaa mzima, wala haikusaga.

"Gari lako linanionea haya," akasema Sikujua. "Kwani hulia ukiwa na nani?"

"Nikiwa na mama mkwe."

Mama mkwe, Bi Tatu, alikuwa kivulini akingoja. Sikujua akajibana katikati, Bi Tatu akapanda, na kama kawaida yake akatundika kikapu cha viazi kwenye mpini wa gia ndogo, ile ya kuvutisha magurudumu yote manne. Kuondoka tu, krrrr!

Sikujua akaona: uzito wa kikapu umeivuta gia nusu, haijaingia wala haijatoka. Makame naye akaona, akageukia dirishani. Atamwambiaje mama mkwe aondoe mzigo wake?

"Mama, nipe kikapu nikupakatie," akasema Sikujua.

"Utaweza? Mabinti wa siku hizi mapaja ya karatasi!"

Akakipakata. Makame akarudisha gia. Kimya.

"Umeona?" Bi Tatu akamwambia mkwewe. "Fundi wa kweli hata spana hashiki. Kesho twende naye, anipakatie."

Wakamshusha gereji, kikapu kikabaki kitini alipokuwa amekaa. Sikujua akajinyoosha juu ya boksi chini ya lori bovu, akaisikiliza pikapu ikipanda mlima bila kukwaruza, Makame akicheka, mpaka usingizi ukamchukua.