Shati la Kijani

Siku ya tisa ya mvua, saa nne asubuhi, Sikudhani alikuwa bado kitandani, blanketi mpaka puani.

"Wifi, amka basi unywe hata uji," alisema Mwanakombo, dada wa marehemu mumewe.

"Kwa baridi hii? Macho hayafunguki."

Mwanakombo hakumlaumu. Mtaa mzima ulikuwa ukisinzia. Hata muuza vitumbua alikuwa amelala mbele ya jiko lake. Arobaini ilikwishapita. Nguo za marehemu zilikuwa zimefuliwa ili wagawiwe ndugu zake, lakini kwa unyevu ule hazikukauka. Zilining'inia tu barazani, shati la kijani likiwa mbele ya zote.

"Jua likitoka nitaamka," Sikudhani alisema, akageukia ukutani.

Siku ya kumi jua likatoka, kali mpaka mabati yakafuka mvuke. Mwanakombo akazihamishia nguo uani, akaenda kuwaita ndugu. Afadhali, alijisemea njiani, leo wifi atachangamka.

Waliporudi adhuhuri, kweli Sikudhani alikuwa ameamka. Alisimama uani, miguu mitupu, mgongo kawapa. Nguo zote zilikuwa zimekauka, amezikunja vizuri juu ya mkeka, isipokuwa shati la kijani. Hilo lilikuwa bado kambani, likichuruzika maji.

"Hili bado bichi," aliwaambia bila kugeuka. "Njooni kesho."

Mbinguni hapakuwa na wingu hata moja. Ndoo iliyokuwa miguuni pake ilikuwa tupu.